Chai ya Ayeeyo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami naongeza langu dogo: mgeni akija, mwenyeji na ainjike sufuria ya chai.

Hapa kwetu Garissa jambo hilo halihitaji kufundishwa. Jua likiwaka hata mbuzi wanagombania kivuli cha lori, utawakuta wazee wamekaa kibandani wakinywa chai inayotoa moshi. Wageni kutoka bara hutushangaa sana. “Nyinyi hamsikii joto?” wanauliza. Tunalisikia, tena si mchezo! Lakini ukinywa kitu cha moto unatokwa na jasho, na katika hewa kavu kama yetu jasho hilo hukauka upesi na mwili ukapoa. Basi chai kwetu ni kinywaji, ni dawa, na ni feni ya asiyekuwa na umeme.

Chai hiyo, ambayo kwa Kisomali huitwa shaah, ina kanuni zake. Maji huinjikwa kwanza pamoja na viungo vilivyopondwa: iliki, mdalasini, tangawizi, na wengine huongeza karafuu. Yakianza kutokota hutiwa majani, kisha sukari, na hapo mkono hauogopi. Maziwa hufuata, na yakiwa ya ngamia ndiyo raha zaidi. Vyote huchemka pamoja mpaka chai ipande na kutaka kumwagika, halafu huchujwa moja kwa moja ndani ya thamosi. Ukifunguliwa kifuniko, harufu peke yake inakukaribisha kabla mwenye nyumba hajasema lolote.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili mpate kuelewa kisa changu cha likizo ya Agosti, nilipojikuta kwenye bustani ya michezo huko Mombasa nikitafuta kikombe cha chai kwa udi na uvumba, kana kwamba natafuta kisima jangwani.

Safari yenyewe haikuwa ya michezo hata kidogo. Ilikuwa safari ya macho ya Ayeeyo. Ayeeyo ni bibi yangu mzaa mama. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi malishoni nyuma ya mifugo. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosekana misimu 5 mfululizo, ulimmalizia ng'ombe wake karibu wote. Ndipo akaja kukaa nasi mjini, mkononi ana birika lake jeusi na kinu kidogo cha kupondea viungo. Kila alfajiri baada ya sala humsikia akiponda iliki, na sauti ya kinu hicho ndiyo saa inayoniamsha niende shule.

Siku zilivyopita tukaona anakosea. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Alimsalimu jirani akidhani ni mama. Daktari akamtazama, akasema ni mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyomo ndani ya jicho imeingia wingu. Alituambia kwamba hakuna dawa ya matone iwezayo kuliondoa wingu hilo. Sharti lenzi hiyo itolewe na mahali pake iwekwe nyingine ya plastiki. Mjomba wangu anayefanya kazi Mombasa akajitolea kugharamia. Siku ikapangwa: Jumatatu asubuhi.

Tuliabiri basi alfajiri tukiwa watano: Ayeeyo, mama, wadogo zangu wawili na mimi. Tukavuka daraja la mto Tana, tukaiacha Madogo, tukafuata njia ya Hola na Garsen, kisha Malindi na Kilifi, na jua lilipokuwa likizama tukaingia Mombasa. Njia nzima Ayeeyo hakusema mengi. Kila basi liliposimama nilishuka nikamletea chai, naye akanywa na kutia maoni yake. Ya kwanza ilikosa sukari. Ya pili ilikuwa na moshi wa kuni, akaisifu.

Mjomba aliona wazi kwamba mama yake ana hofu. Akasema heri tumtoe nyumbani ili asikae akiiwaza Jumatatu tu. Jumamosi akatupeleka Haller Park, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji yaliyoachwa kama jeraha, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje hapo mwaka 1971. Leo ni msitu. Wadogo zangu waliwalisha twiga, wakapiga kelele za furaha. Ayeeyo akauliza ni kitu gani. Tulipomwambia ni twiga, akashika kiuno. “Nimekaa kwenye basi kutwa nzima nije kuonyeshwa twiga? Kwani wa Bour-Algi wamehama?” Sote tukacheka, naye akacheka. Siku hiyo ilikwisha salama.

Siku iliyofuata ndiyo iliyokuwa na mambo. Wadogo zangu walikuwa wameahidiwa bustani moja ya michezo, na jina lake silitaji kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Bustani hiyo hairuhusu chakula wala vinywaji kutoka nje, kwa hiyo thamosi ya mkaza mjomba ilibaki nyumbani. “Huko ndani kila kitu kipo,” mjomba akasema. Na kweli karibu kila kitu kilikuwepo. Kulikuwa na mabomba makubwa ya kuteleza yanayokumwaga kwenye dimbwi, farasi wa bandia wanaozunguka, vigari vya umeme vya kugongana, na muziki wa kupasua masikio. Watoto walikuwa kama siafu. Mimi mwenyewe niliteleza mara nne, sitasema uongo.

Ilipofika saa saba hivi mama aliniita. Nilimkuta Ayeeyo chini ya mwavuli, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, macho ameyafumba. Asubuhi alikunywa nusu kikombe tu kwa sababu ya haraka, na sasa kichwa kilikuwa kinampasuka. Tulisoma katika Bayolojia kwamba majani ya chai yana kafeini, na mwili ulioizoea ukiikosa ghafla hulalamika kwa maumivu ya kichwa. Malishoni hawakusoma Bayolojia lakini ugonjwa huo wanaujua vizuri. “Mletee chai,” mama akanambia. “Iwe moto.”

Nikaenda kwenye kibanda cha kwanza. Kilikuwa cha aiskrimu. “Chai? Kwa joto hili?” muuzaji akaniuliza huku akicheka. Nikaenda cha pili. Huko kulikuwa na soda, chipsi na maji baridi, na kijana wa pale akanielekeza kwenye mkahawa mkubwa karibu na dimbwi. Nikapanga foleni. Mbele yangu watoto walikuwa wakinunua barafu za rangi. Zamu yangu ilipofika nikalipa shilingi 150, nami nikapewa kikombe kikubwa cheupe, maji ndani yake, na kifuko cha majani chenye uzi. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili bila kuungua. Hapo hapo nikajua mambo yameharibika.

Ayeeyo alikipokea. Vidole vyake vikagusa uzi, akauvuta taratibu mpaka kifuko kikatoka kinadondosha maji.

“Hiki ni nini?”

“Majani ya chai, Ayeeyo.”

“Kwa nini wameyafunga kamba? Ni ndama wa ngamia, wanaogopa yatatoroka?”

Akaonja mara moja tu, akakiweka kikombe chini. Hakuongeza neno. Nilirudi mkahawani kuomba maji yaliyochemka, na yule kijana, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, akanieleza kwamba maji yao hutoka kwenye mashine na hayazidi hapo. Jiko la kuchemshia hawana. Yeye naye alikuwa anatoa alichopewa.

Wenzangu, hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Majani ya chai nyeusi yanataka maji yanayotokota. Maji ya uvuguvugu hayawezi kuitoa rangi na ladha iliyomo. Yanaishia kuwa maji yaliyokosewa. Sasa tukumbuke somo la Fizikia. Kericho, kunakolimwa chai, kuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Mombasa iko ufuoni mwa bahari, na maji hapo huchemka kwa nyuzi 100 kamili. Kwa hiyo Mombasa ingepaswa kuwa na chai moto kuliko hata huko inakolimwa!

Na si hilo tu. Chai ililetwa Kenya mwaka 1903, ikapandwa Limuru. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa kupitia mnada huo, kisha hupakiwa melini kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Magunia kwa magunia hupita katika mji ule. Nami nilikuwa katika mji huo huo, na bibi yangu anaumwa kichwa kwa kukosa kikombe kimoja. Ama kweli, penye miti hakuna wajenzi.

Niliporudi chini ya mwavuli nilikuta mambo yamekuwa mazito. Ayeeyo alikuwa amesimama.

“Nirudisheni Garissa,” alisema. “Basi la usiku lipo.”

“Na kesho, mama?” mama akamuuliza kwa upole.

“Kesho ni ya wenyewe. Mahali wasipoweza kuchemsha maji, mimi niwape jicho langu walikate?”

Nilitaka kucheka lakini uso wa mama ulinikanya. Ayeeyo hakuwa anatania. Alikuwa ameanza kukusanya mkoba wake kwa kupapasa. Tulijua kwamba akipanda basi lile, harudi tena. Garissa hadi Mombasa si kwenda dukani. Pesa za mjomba zingepotea, na wingu lile lingebaki machoni mwake. Mjomba alikuwa mbali, kwenye foleni ya vigari pamoja na watoto. Mama akaninong'oneza: “Tafuta chai. Hata kama ni nje. Akishakunywa tutazungumza.”

Nikamwendea bawabu langoni, nikamwuliza kinagaubaga: chai ya kweli inapatikana wapi? Akanitazama, akatazama na buibui langu, akacheka. “Ya kweli? Humu ndani utaitafuta mpaka jioni. Sisi wenyewe hunywa kwa yule mama wa pale nje, nyuma ya matatu. Nendeni tu. Mkirudi nionyesheni muhuri mkononi.”

Kwa kuwa chai ya nje hairuhusiwi kuingia, ilibidi Ayeeyo aifuate. Alinishika bega, tukatoka polepole. Mimi niliona matatu mbili, ukuta, na vumbi. Mama wa chai sikumwona. Tulipofika karibu na matatu ya kwanza Ayeeyo akasimama ghafla. Akainua uso kama mtu anayeitwa kwa jina lake.

“Heyl,” akasema.

Heyl ndiyo iliki kwa Kisomali. Tukaizunguka matatu, na hapo, chini ya mwembe, palikuwa na mama mmoja aliyejifunga leso, jiko la makaa, sufuria iliyojaa mpaka shingoni, na bakuli la mahamri. Aliyeiona chai kwanza ni yule asiyeona vizuri.

“Karibuni wanangu. Karibu, bibi,” yule mama akasema, akasogeza kigoda. “Wataka ya maziwa au sturungi?”

Kiswahili cha Ayeeyo ni cha sokoni, lakini safari hii hakuningoja nimtafsirie. “Ya maziwa. Moto. Sana moto.”

Alipewa glasi. Aliishika, akaiachia, akaishika tena kwa ncha ya mtandio. Akapuliza, akanywa. Nikangoja hukumu kama mtahiniwa anayengoja matokeo. Haikuwa chai ya kwetu. Ilikuwa na tangawizi nyingi, sukari kidogo, na maziwa ya ng'ombe. Ayeeyo akameza, akanyamaza kidogo.

“Imechemka,” akasema.

Glasi ya pili ilipokuwa inamiminwa, mazungumzo yakaanza. Yule mama alifungua kikopo chake cha viungo, akamtilia Ayeeyo punje kiganjani. “Iliki,” akasema. “Heyl,” Ayeeyo akajibu. “Mdalasini.” “Qorfe.” “Tangawizi.” “Sanjabiil.” Walipofika kwenye karafuu, Ayeeyo akasema “qaranfuul”, na hapo wote wawili wakasita, kwa maana maneno yalikuwa yamefanana. Nikawaeleza nilivyosoma, kwamba Waarabu husema qaranful, na neno hilo limeingia katika lugha zetu zote mbili. Nawaambieni, wanachama wenzangu, sijawahi kuona somo la maneno ya mkopo likieleweka upesi namna hiyo, tena bila ubao.

“Macho yana nini, bibi?” yule mama akauliza. Nikamweleza kwamba kesho anafanyiwa upasuaji, na kwamba anaogopa.

Nilidhani atamwambia asiogope, kama tulivyokuwa tukimwambia sisi wiki nzima. Hakusema hivyo. Alisema, “Hata mimi ningeogopa,” akakoroga sufuria yake.

Nilipomtafsiria, Ayeeyo aliinamisha kichwa akafikiri. Kisha akanituma: “Muulize, yeye akipofuka atapikaje chai?”

Yule mama hakukawia. “Kupika nitapika kwa pua. Lakini hela nitazihesabu na nini? Mwambie bibi, mimi ningeenda kutibiwa.”

Ayeeyo alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mtandio. Tangu tuvuke daraja la Tana, ukiacha ile siku ya twiga, sikuwa nimemsikia akicheka. Akanywa glasi ya tatu. Kitambaa cha kichwani akakilegeza mwenyewe. Nikataka kulipa shilingi 60 za glasi tatu, yule mama akachukua 40, akisema ya kwanza ni ya mgeni. Tuliporudi langoni, habari ya basi la usiku haikutajwa tena, na mama alikuwa na akili ya kutoiuliza.

Jumatatu asubuhi Ayeeyo aliingia hospitalini akitembea mwenyewe, ameshika tasbihi yake. Hatukukaa sana, akatolewa na jicho lake la kulia limefunikwa. Alisema hakusikia maumivu, ila baridi ya chumba ndiyo iliyomtesa.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu turudi nyumbani. Sisi vijana tukisikia mahali pa starehe twafikiria kuteleza na kupiga kelele, nasi hatuna kosa, ndio umri wetu. Lakini kila kundi la watoto huja na mtu mzima anayekaa chini ya mwavuli akilinda viatu na mikoba. Mtu huyo hatelezi. Hapandi farasi wa bandia. Furaha yake ni ndogo na bei yake ni ndogo: jiko moja, sufuria moja, na mtu wa kuichunga ichemke. Wenye bustani wamenunua mashine za mamilioni wakamsahau. Mama mwenye leso chini ya mwembe hakumsahau, na ndiyo maana mpaka mabawabu hunywa kwake. Ningekuwa na uwezo, ningewashauri wenye bustani wamkaribishe ndani yeye na jiko lake. Wateja wangekaa zaidi, naye angepata kivuli kilicho bora kuliko cha matatu.

Nawashauri na nyinyi wenzangu. Tutakapokwenda ziara ya chama mwaka huu, tusiulize tu kuna michezo gani. Tuulize pia walimu wetu watakunywa nini, na dereva atakaa wapi. Mzazi akitusindikiza, tumtazame kabla kichwa hakijamuuma.

Mwajua bandeji ilipofunguliwa ilikuwaje? Ilikuwa Jumanne. Mkaza mjomba alikuwa ameandaa chai kwa heshima, katika glasi nzuri za wageni. Ayeeyo alitutazama mmoja mmoja, akanambia nimekonda, akamwambia mama ana mvi. Kisha akainua glasi yake juu kuelekea dirishani, akaitazama mwangaza ukipita ndani yake kwa muda mrefu.

“Kumbe wiki nzima mlikuwa mkininywesha hii,” akasema. “Nyepesi hivi! Nileteeni kinu changu.”

Jicho la pili limepangiwa likizo ya Desemba. Ameshasema atakwenda, lakini birika lake anakwenda nalo.